Mnaokodisha magari Mwanza: acheni kumpima mteja kwa kazi yake, muulizeni gari linakwenda wapi

Mtoto wa Pasiansi

Wakuu, habari za jioni.

Nipo kwenye biashara ya kukodisha magari hapa Mwanza: IST na RAV4 za kuendesha mwenyewe, na Noah kwa wanaosafiri kifamilia. Wateja wetu ni wanaoshuka uwanja wa ndege, watu wa misiba na harusi, na wenyeji ambao gari lao lipo gereji. Kuna tabia imezoeleka kwenye biashara hii na inanikera sana. Nimeona niilete hapa kwa sababu najua wenye magari wengi mpo humu.

Mteja anaingia ofisini. Jina hajaulizwa, leseni hajaombwa, salamu yenyewe imeitikiwa nusu. Swali la kwanza: "Unafanya kazi wapi?" Akitaja halmashauri, mgodi au benki, anavutiwa kiti. Akisema anauza mitumba Mlango Mmoja, au yupo tu nyumbani kwa sasa, sura ya mhudumu inabadilika na dhamana inapanda papo hapo.

Niliwahi kukaa kwenye ofisi ya mwenzangu mmoja, sitamtaja, akaingia baba wa makamo na mkewe. Wamefiwa, mazishi yapo Misungwi kesho yake, wanataka Noah ya kubebea wazee. Leseni anayo, kitambulisho cha NIDA anacho, fedha zimefungwa kwenye pindo la khanga ya mkewe na ameshaanza kulifungua. Akaulizwa anafanya kazi wapi, mbele ya vijana waliokuwa wanasubiri funguo zao. Yule baba akamtazama mkewe, akatazama chini, akasema, "Kiwandani walitupunguza." Kimya. Mama yule akaanza kulifunga tena lile pindo. Hakuna aliyewafukuza. Wenyewe waliona hapakaliki, wakaaga wakaondoka.

Sasa nauliza: swali lile lilimlinda nani?

Mwenye gari ana hofu zake na ni za haki. Anaogopa gari lisirudi. Anaogopa ligongwe halafu bima ikatae kulipa. Anaogopa likawekwe rehani kwa mkopeshaji mji mwingine. Anaogopa faini za barabarani zimwangukie yeye. Zipange hofu zote hizo, halafu niambie ni ipi inayoondoka ukishajua kwamba mteja ni mwalimu au fundi seremala. Mimi sijaiona. Mtu mwenye ajira nzuri anaweza kukurudishia gari limevunjika bampa huku anaongea na simu, na mama lishe akakurudishia limeoshwa hadi chini ya mazulia.

Swali linalofanya kazi ni hili: gari linakwenda wapi, na litarudi lini? Likijibiwa vizuri unamjua mtu hapo hapo.

Akisema anakwenda Geita na kurudi leo leo, sawa, inawezekana. Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025, ile foleni ya kivuko iliyokuwa inakula muda wa watu imekwisha, unavuka kilomita 3 za daraja na kuendelea na Sengerema. Akisema anakwenda Ukerewe kwa gari na jioni atakuwa amerudi, hapo mkalishe mzungumze, maana inabidi azunguke Magu, Lamadi, Bunda hadi Kisorya, kisha asubiri kivuko cha kwenda Rugezi. Pengine hajui, na kazi yako ni kumwambia apande meli hadi Nansio aache gari lako lipumzike. Akisema anataka kuingia Serengeti kwa geti la Ndabaka, usimpe IST hata akikuongezea hela. Ukanda ule wa magharibi una udongo mweusi, mvua ikinyesha unanasa vibaya.

Hata akisema ni mjini tu, bado uliza mjini wapi. Mwanza yetu ni ya mawe na vilima. Mtu anayetoka Capri Point hadi uwanja wa ndege kwa lami ni tofauti na anayekwenda kumsalimia shangazi yake juu kule Mabatini au Igogo, ambako lami inaishia chini na unapanda katikati ya mawe. Gari la chini likipanda huko linarudi na sampo ya oili chini ya injini imegonga, na mteja anaapa hajasikia kitu. Pengine kweli hajasikia. Ungemuuliza mapema ungempa la juu kidogo, au ungemwambia aegeshe barabarani apande kwa miguu.

Swali la pili: nani atashika usukani? Hili ndilo linaloumiza watu kila siku. Anayelipa ni dada, anayesaini ni dada, halafu njiani anayeendesha ni shemeji ambaye leseni yake iliisha muda zamani. Likitokea la kutokea, bima itauliza leseni ya aliyekuwa anaendesha, na hapo hata kama dada ni mkurugenzi mahali fulani, haisaidii. Andikeni majina ya madereva wote kwenye mkataba, na kila mmoja leseni yake ionekane.

Nikiwa hapo hapo kwenye bima, wenye magari nasi tujisafishe. Kuna watu wanakodisha gari lenye namba ya njano, yaani la binafsi, bima imekatwa kwa matumizi binafsi, tena bima ndogo. Bima ndogo inamlipa mtu wa tatu uliyemgonga, haitengenezi gari lako. Na ukiwa umesema kwenye fomu ya bima kwamba gari ni la matumizi yako, halafu likagongwa likiwa limekodishwa, kampuni ina njia ya kukataa hata hicho kidogo. Halafu mtu huyo huyo anamkalia mteja kooni kuhusu kazi na mshahara.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawalijui. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Msingi wake ni kwamba taarifa unazomchukulia mtu ziwe zile zinazohitajika kwa shughuli husika, na umwambie unazichukua za nini. Nimeona fomu za kukodi gari zinauliza mwajiri, cheo, mshahara, na namba ya simu ya bosi. Hizo za nini? Na fomu zenyewe zinakaa mezani wazi, kila anayeingia anazisoma.

Nawasilisha. Wenye mawazo tofauti karibuni, tubishane kwa heshima.

Jembe la Igoma

Mtoa mada, unaongea vizuri lakini inaonekana hujawahi kuumizwa. Mimi gari langu lilichukuliwa kwa siku mbili, nikalikuta Kahama kwa mkopeshaji, limewekwa rehani na kadi ya kughushi. Kulitoa ilikuwa polisi, wakili, nenda rudi. Tangu siku hiyo simpi gari mtu nisiyejua anapata wapi mkate wake. Ukiniita mbaya niite.

Mtoto wa Pasiansi

Pole sana mkuu, na siwezi kukuita mbaya kwa hilo. Ila naomba nikuulize: huyo aliyekuliza, alikuambia anafanya kazi gani?

Jembe la Igoma

Alisema ni afisa. Kitambulisho cha kazi alinionyesha, na shati la kuchomekea. Ndiyo maana sasa hivi nauliza kwa undani zaidi.

Mtoto wa Pasiansi

Mkuu wangu, kwa hiyo aliyekuliza ni yule aliyejibu vizuri kuliko wote. Tapeli anajua swali lako kabla hujalitamka, kitambulisho amekiandaa. Anayebabaika ni baba wa watu aliyepunguzwa kazini, kwa sababu yeye anaona aibu ya kweli.

Kwa hofu yako wewe, ambayo naielewa kabisa, kilichokuwa kinatakiwa ni kingine: kifaa cha GPS kilichofichwa sehemu anayoijua fundi wako tu. Mkataba wa maandishi wenye siku na saa ya kurudisha. Mdhamini anayekaa Mwanza, ambaye unampigia ukiwa umekaa na mteja, siyo baadaye. Na kadi halisi ya gari isitoke nyumbani kwako, mpe nakala. Gari likipita Usagara kuelekea Shinyanga wakati mtu alisema anakwenda Magu, unapiga simu saa hiyo hiyo. Lakini ili ujue kwamba amepotoka njia, ni lazima kwanza uwe umemuuliza njia.

Jembe la Igoma

Hapo kwenye GPS nakubali, nimeshafunga. Hapo kwenye kumuuliza njia sikuwahi kulifikiria hivyo. Lakini kazi nitaendelea kuuliza, ila nitauliza mwishoni.

Binti wa Bwiru

Asante kwa uzi huu. Mimi ni fundi cherehani, nashona nyumbani. Mara kwa mara nakodi gari kumpeleka mama Bugando, maana miguu haimruhusu kupanda daladala. Kwetu wanawake swali hilo lina mkia. Ukishajibu "nashona", linakuja la pili: "Na gari unalipiwa na nani?" Kuna mahali nimewahi kuulizwa kama mume wangu anajua. Mama amekaa kwenye benchi ananisikiliza mwanawe anahojiwa.

Siku hizi nakwenda kwa kaka mmoja ambaye siku ya kwanza aliniuliza mama anaumwa nini miguuni, nikamwambia magoti. Akanitolea gari ambalo kiti chake cha mbele kinarudi nyuma sana, akanionyesha namna ya kukishusha. Hadi leo sijui kama anajua nafanya kazi gani. Sijawahi kumchelewesha gari hata mara moja.

Mtoto wa Pasiansi

Dada, pole na mama, Mungu amjalie nafuu. Na wenye magari wausome mchango wako vizuri. Kuuliza goti la mama kulimpa huyo kaka mteja wa kudumu.

Mzee wa Magu

Vijana, hamjambo. Nimesoma wote. Naona mnalishambulia swali lenyewe, na mimi nalitetea kidogo. Kumuuliza mtu kazi yake ni kumjali. Mtu akija kwangu na nisimuulize anashughulika na nini, ataondoka anasema yule mzee hana habari na mimi.

Tatizo ni mpangilio. Nyumbani kwangu mgeni akiingia asubuhi tunasalimiana, mwangaluka, mwangaluka. Anaulizwa watu wa nyumbani wameamkaje. Anaulizwa mvua huko alikotoka, na kama ni mfugaji anaulizwa ng'ombe. Anapewa maji. Chakula kikiwa mezani, shughuli yake ataitaja mwenyewe bila kuulizwa, maana mazungumzo yamefika huko. Na asipoitaja, najua kuna jambo, naliacha. Nitamuuliza tukiwa wawili, siku nyingine. Ninyi mnamuuliza akiwa amesimama mlangoni, watu wanasikiliza.

Na kijana anayekuja kuposa ni habari tofauti, yule ataulizwa kazi siku ya kwanza na wazee wote wakiwepo. Amekuja kuchukua mtoto wa watu.

Mtoto wa Pasiansi

Shikamoo mzee. Umeniongezea kitu. Nakubali kwamba siyo swali baya likiulizwa na mtu anayetaka kukujua. Anayekukodishia gari hataki kukujua, anataka kukupangia dhamana, na mtu analisikia hilo kwenye sauti. Wabeja sana, baba.

Mzee wa Magu

Marahaba. Endeleeni.

Kwimba Damu

Mimi nageuza upande wa pili wa uzi. Nafanya kazi mgodini, nikija likizo nashukia Mwanza nakodi gari la kwenda nyumbani Kwimba na watoto. Ofisini kwenye gari siulizwi maswali, ukitaja mgodi kila mtu anatabasamu. Balaa linaanza kijijini. Gari likiegeshwa chini ya mwembe, jioni wameshajaa. "Hili umenunua lini?" "Mgodini siku hizi wanalipaje?" "Sasa uko kitengo gani?" Anakuuliza kitengo mtu ambaye kitengo hakijui wala hakimhusu, anataka kufika kwenye namba. Kesho yake asubuhi maombi ya ada na mabati yapo mlangoni. Nisiposema ukweli ninajitengenezea deni, nikisema gari ni la kukodi mke wangu anaona nimejidhalilisha. Wakuu mnafanyaje?

Mtoto wa Pasiansi

Sema ukweli, na useme wewe kwanza kabla hujaulizwa. Ukishuka tu, kwenye salamu: "Tumekuja na gari la kukodi, Jumatatu asubuhi linatakiwa Mwanza." Sioni udhalili hapo. Umelipa hela yako ili watoto wasibanane kwenye basi, ni heshima kwa familia.

Ina faida nyingine. Vijana wa nyumbani wakiomba "tuzunguke nalo kidogo hadi Ngudu", una jibu ambalo siyo ubahili: mkataba una jina langu tu. Hapo mkataba unakulinda wewe, siyo mwenye gari peke yake.

Kuhusu mshahara, mjibu mtu kwa kiasi anachokuhusu. Baba yako mzazi akikuuliza faragha, mwambie. Jirani akikuuliza, "tunashukuru Mungu, kazi ipo" inatosha, na wewe mgeuzie hapo hapo: pamba mwaka huu imekaaje? Mkulima wa Kwimba ukimuuliza pamba, mtakesha, na hatakumbuka kitengo.

Binti wa Bwiru

Kweli kabisa, na wifi zangu ni hivyo hivyo, waulize habari za mashine ya kusaga tu.

Dereva wa Usagara

Wakuu, mimi ni dereva wa kukodiwa, yaani gari linakodiwa pamoja na mimi. Naomba niseme la upande wetu. Abiria wengi wanatuuliza "hii ni gari yako au ya bosi?" kabla hata hatujavuka Mkuyuni. Ukisema ya bosi, sauti yao inabadilika, wanaanza kukuamrisha. Ukisema yako wanakuuliza ulianzaje, mnapiga stori hadi mwisho wa safari. Gari ni lile lile na mikono ni ile ile. Basi.

Mtoto wa Pasiansi

Hili nalipandisha juu ili kila mtu alione. Asante mkuu.

Mgeni Jijini

Mtoa mada, mimi nakuja Mwanza mwezi ujao kwa mara ya kwanza, nitaendesha mwenyewe hadi Musoma. Nikague nini kabla sijapokea gari, na nitegemee nini njiani?

Mtoto wa Pasiansi

Karibu sana jijini kwetu.

Kwanza lizunguke gari na simu mkononi, piga video bampa zote, milango, vioo, na chini ya bampa la mbele maana huko ndiko kwenye ugomvi. Piga picha dashibodi ikiwa imewashwa, ionekane mshale wa mafuta, kilomita, na kama kuna taa yoyote ya onyo inayowaka. Umepewa robo tanki, rudisha robo. Fungua buti: tairi ya akiba yenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto. Trafiki anaweza kukuomba hivyo viwili vya mwisho, na ukivikosa ukiwa njiani hutakuwa na wa kumlaumu. Jaribu AC na wipa, usione aibu, hata kama anayekukabidhi anaangalia saa.

Kisha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya makosa ya barabarani, mbele yake. Faini ni Sh 30,000 kwa kosa, na deni linakaa kwenye namba ya gari. Fanya hivyo siku ya kupokea na siku ya kurudisha, muweze kujua lipi lake lipi lako.

Barabara ya Musoma ni lami nzuri, na uzuri wenyewe ndio mtego. Kisesa, Nyanguge, Magu, Lamadi, zote ni makazi ya watu na vibao vya 50 vipo. Shuka 50 kweli, kwa sababu watoto wanavuka na ng'ombe wanavuka, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Jioni jua likizama usikimbie, baiskeli nyingi hazina taa. Ukiwa na nafasi simama Bujora pale Kisesa uone makumbusho ya Wasukuma. Na wakati unarudi, utakuta samaki wanauzwa kando ya barabara na utatamani. Nunua, lakini njoo na ndoo yenye mfuniko. Samaki au dagaa wakimwagika kwenye zulia la buti, harufu inakaa wiki nzima hata ukiosha kwa sabuni na ndimu, na hapo dhamana yako haitarudi yote. Ukijua mapema kwamba utabeba samaki, mwambie mwenye gari, atakutandikia turubai bila maneno.

Ukifika uwanja wa ndege nitumie ujumbe humu. Nitakuuliza unakwenda wapi, nani anaendesha, na unarudi lini.